Kwaya ya Shule Si Pambo la Mgeni Rasmi

WIMBO wa taifa tunaouimba kila bendera inapopandishwa ulizaliwa katika kwaya ya shule. Mtunzi wa muziki wake, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na jiji la Johannesburg, na mwaka 1897 aliutunga kwa ajili ya wanafunzi wake. Hakuagizwa na serikali yoyote, wala hapakuwa na sherehe iliyoungojea. Alikuwa na daftari lake la nyimbo na watoto wenye sauti, basi. Alifariki mwaka 1905, kabla ya kuona utunzi wake unafika mbali. Lakini wimbo ulikwisha kutoka mikononi mwake. Kwaya nyingine ziliuchukua, na mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuundwa kwa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mwaka 1961 Tanganyika huru iliufanya wimbo wake wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ilitumia muziki uo huo mwaka 1964 kwa maneno mengine, na Afrika Kusini yenyewe imeuingiza katika wimbo wake wa taifa tangu 1997.

Naikumbusha habari hii kwa sababu wako miongoni mwetu, walimu na watumishi wa serikali, ambao wakisikia kwamba mtoto amechelewa kurudi nyumbani kwa kuwa alikuwa katika mazoezi ya kwaya au ya mchezo wa kuigiza, huona kwamba saa zake zimepotea bure. Wako pia wengine wanaoipenda kwaya ya shule, tena wanaipenda sana, lakini kwa sababu isiyofaa: kwao kwaya ni chombo cha kumpokelea mgeni. Hawa wa pili ndio ninaotaka kuzungumza nao zaidi, maana mimi naamini kwamba wanaipotosha kazi hii kuliko wale wanaoipuuza.

Hebu tuitazame hali ilivyo katika shule zetu nyingi. Barua inafika kwamba kutakuwa na mgeni rasmi siku ya mahafali, au siku ya kufungua darasa, choo au kisima. Mwalimu mmoja anaitwa ofisini na kuambiwa aandae kwaya. Wimbo upo tayari. Ni ule wa mwaka jana. Jina la mgeni wa mwaka jana linaondolewa na la mwaka huu linachomekwa mahali pale pale, hata kama mizani inakataa. Watoto thelathini wanachaguliwa katika shule ya watoto mia tisa, nao huwa ni wale wale: wenye sauti nzuri, wenye sare zisizo na viraka, na wenye viatu. Siku yenyewe wanapangwa mistari tangu saa mbili asubuhi. Mgeni aliyetarajiwa saa nne anawasili saa saba. Watoto wanaimba jinsi walivyofurahi kumwona, na pengine hilo ni kweli, kwa kuwa sasa angalau wataweza kuketi. Mgeni anatikisa kichwa, anatoa noti kadhaa, wapambe wake wanapiga makofi, na kwaya inavunjwa mpaka barua nyingine itakapofika.

Sisemi hivi kwa kumdharau mgeni wala kwa kukataa adabu ya kumkaribisha mtu. Mila zetu zote zinamtukuza mgeni. Lakini yafaa tujiulize ni somo gani mtoto analichukua katika shughuli ya namna hiyo. Anajifunza kwamba sauti yake hutakiwa pale tu mkubwa anapokuja, na kwamba maneno ya kusema mbele ya mkubwa ni yale aliyoandikiwa. Kisha miaka kumi baadaye tunamlaumu, sisi watumishi, kwamba amekuja ofisini kwetu na hawezi kueleza shida yake. Anasimama mlangoni, anashika kofia, anasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, na anaondoka bila kusema lililomleta. Ni nani aliyemfundisha hivyo?

Kwaya na mchezo wa kuigiza vikitumiwa ipasavyo hufundisha kinyume cha hayo. Tuchukue kwaya kwanza. Mtoto anayeimba sauti ya pili huku jirani yake akiimba sauti ya kwanza anafanya jambo gumu: anashikilia lake bila kumfuata mwenzake, na papo hapo anamsikiliza ili wasiachane. Akimzidi kwa kelele, wimbo umeharibika. Akinyamaza, umeharibika vile vile. Sijui somo jingine katika ratiba ya shule linalomlazimisha mtoto kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Wala mtoto mwenye kigugumizi asiachwe nje. Walimu wengi wamewahi kumwona yule ambaye hawezi kumaliza sentensi moja darasani akiimba ubeti mzima bila kukwama, na wale wenzake waliokuwa wakimcheka wakanyamaza.

Kwa hiyo ile desturi ya kuchuja watoto kwa uzuri wa sauti naiona kuwa ni kosa la msingi. Mwalimu wa hesabu hawafukuzi wasiojua hesabu. Mvulana wa miaka kumi na minne ambaye sauti yake imevunjika hana ubaya wowote. Ahamishiwe sauti ya tatu au ya nne, na angojewe mpaka itulie. Mashindano yana haki ya kuchagua waimbaji bora, na michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ina nafasi yake, lakini kwaya ya mashindano ingekuwa tunda la kwaya kubwa ya shule nzima. Kwetu hapa aghalabu tunda linatafutwa hali mti haukupandwa.

Tuje sasa kwenye mchezo wa kuigiza, ambako hasara yetu ni kubwa zaidi, tena ni ya ajabu, kwa maana vitabu tunavyo. Nchi hii ina hazina ya tamthiliya za Kiswahili ambayo mataifa mengi ya Afrika hayana kwa lugha zao. Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando akatupa Hatia, na baadaye Nguzo Mama. Edwin Semzaba akatupa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika shule za sekondari. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa mkuu wa nchi, alipata wasaa wa kuzifasiri tamthiliya mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ikiwa yeye, pamoja na mizigo yote ya taifa changa, hakuona kwamba mchezo wa kuigiza ni upotevu wa muda, ni vigumu kumwelewa mkuu wa shule anayesema hana dakika arobaini kwa wiki.

Lakini hazina hiyo tunaitumiaje? Tunaisoma kwa ajili ya mtihani. Chukua hiyo Ngoswe. Ni habari ya kijana mtumishi wa serikali aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Huko akampenda Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, na mapenzi yakamtoa kazini. Mwishowe baba mwenye hasira akazichoma karatasi za sensa. Ni kisa kinachomhusu kila mtumishi aliyewahi kutumwa kazi ya umma mbali na macho ya mkuu wake. (Katika sensa ya mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu, Mzee Mitomingi wa leo angepata taabu kidogo kuvichoma.) Sasa muulize mwanafunzi aliyefaulu Kiswahili kuhusu kitabu hicho. Atakutajia dhamira, atakutajia wahusika na tabia zao, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi, yote kwa mpangilio kama orodha ya bidhaa za duka. Lakini hajapata kuisikia sauti ya Mzee Mitomingi hata siku moja. Hajasimama mahali pa Ngoswe akitafuta maneno ya kujitetea. Tamthiliya ambayo haijatoka kinywani mwa mtu ni kama mapishi yanayosomwa kitabuni na kukariri viungo vyake. Mtahini ataridhika, lakini hakuna aliyekula.

Naambiwa kwamba walimu wenyewe hawakufundishwa kuongoza maigizo. Hilo lina ukweli wake, ila halitoshi kuwa udhuru. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tamthiliya anaweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi wanne onyesho moja tu, kurasa tatu, wakalisoma kwa sauti wakiwa wamesimama mbele ya darasa, kila mmoja akimshika mhusika wake. Hahitaji jukwaa, pazia, taa wala mavazi. Wiki ya pili waache vitabu mezani na waseme kwa maneno yao. Atashangaa. Mwanafunzi ambaye kwa miezi sita hakuwahi kunyosha kidole ndiye atakayemcheza Mzee Mitomingi hadi darasa zima lishike mbavu, na kuanzia siku hiyo maswali ya mtihani juu ya tabia za mhusika huyo hayatamsumbua.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mambo haya si mageni kwetu. Desemba 1962, alipoihutubia nchi kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walifundishwa dansi za Kizungu huku ni wachache kati yao walioweza kucheza gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Miaka mitano baadaye, Elimu ya Kujitegemea ikataka shule iwe jamii inayofanya kazi na kuishi pamoja, na mtihani usiabudiwe. Baada ya Azimio la Arusha, Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Dodoma aliyekuwa mtumishi wa serikali na hakimu kabla ya kujulikana kama mshairi, alikuwa mstari wa mbele kuieneza ngonjera, yaani shairi la kujibizana linaloigizwa. Ngonjera zake zilichapishwa mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969, nazo zikaenea mashuleni kama moto wa nyika.

Tuseme kweli juu ya ngonjera, kwa kuwa zina mafunzo mawili. Ubora wake ulikuwa katika ubishi: mmoja alikuja na ujinga wake, mwingine akamjibu, na watazamaji wakaufuata mvutano. Udhaifu wake ulionekana pale ubishi ulipokuwa wa kujifanya, mjinga akawa mjinga kupita kiasi na kukubali kushindwa katika ubeti wa sita bila kuleta hoja yoyote ya maana. Watoto waligundua hila hiyo mapema kuliko walimu. Ngonjera nzuri ni ile ambayo mpinzani ana jambo la kweli la kusema, na mtungaji analazimika kutoka jasho kumjibu. Mwalimu anayewaongoza wanafunzi kutunga ngonjera leo, iwe juu ya utunzaji wa misitu au mimba za utotoni, awaulize kwanza: huyu wa upande wa pili anasemaje hasa, huko mtaani kwenu? Kama hawajui, wakamsikilize ndipo warudi kuandika.

Kuna mfano mwingine, wa karibu zaidi, ambao naona haukupewa uzito unaostahili. Mwaka 1996 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika baadhi ya shule za sekondari. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza. Wasichana hawakuletewa mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliulizwa mambo gani yanawazuia kusoma vizuri. Waliyoyataja wakayatengeneza kuwa maigizo, nyimbo na ngoma, kisha wakayaonyesha mbele ya walimu wao na wanafunzi wenzao, na baada ya maonyesho watu wakaketi kujadiliana na kukubaliana la kufanya. Vikundi vilivyoundwa viliendelea kufuatilia yaliyoahidiwa. Baadaye mpango huo ulichukuliwa na shirika la FAWE, likaupeleka katika nchi nyingine za Afrika.

Nguvu ya njia hiyo ni kwamba msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu, uso kwa uso, kwamba kuna mtu mzima anayemsumbua njiani, anaweza kulisema jambo hilo kwa kinywa cha mhusika. Hajamtaja mtu, hajavunja adabu, lakini kila aliyekaa pale ameelewa. Wahenga wetu waliijua njia hii. Hadithi za sungura na fisi zilifanya kazi hiyo hiyo. Na hapa ndipo penye jambo zito ninalotaka lifikiriwe na wakuu wa shule. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kupatikana katika shule ambayo kila mstari lazima upitishwe ofisini, na kila mhusika anayefanana na mwalimu, mzazi au ofisa wa kata aondolewe. Ukitaka watoto waigize maisha, utayaona maisha yenyewe. Pengine utamwona mwalimu anayeingia darasani akiwa na simu sikioni. Pengine utamwona karani anayemwambia bibi arudi kesho kwa mara ya nne. Mwalimu mwenye busara ataangalia kwamba hakuna mtu anayetajwa jina wala kudhalilishwa, na hapo ataishia.

Sasa nigeukie hoja ya mitihani, maana ndiyo inayotajwa kila mara. Inasemekana kwamba darasa la saba na kidato cha nne hawana muda, na shule itapimwa kwa ufaulu wake. Siipuuzi hoja hii. Mwalimu anapangiwa daraja kwa matokeo, na mzazi anauliza matokeo. Lakini wanaoitoa mara nyingi husahau kitu kimoja. Mtoto wa Tanzania anayeingia kidato cha kwanza anatoka katika shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili na anakabiliwa ghafla na masomo kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza kwa woga wa kuchekwa, na ukimya huo huweza kudumu miaka minne. Mahali ambapo woga huo huvunjika kwa urahisi ni katika wimbo na katika igizo, kwa sababu pale maneno ni ya mhusika, na kosa likitokea ni la mhusika pia. Kuwaondolea watoto mazoezi ya kusema ili wapate muda wa kunakili notisi za lugha wasiyoisema ni hesabu ambayo mimi sijaielewa.

Ukubwa wa madarasa nao unatajwa. Ni kweli kwamba tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, vyumba vimejaa, na hilo ni jambo la kujivunia hata kama linamchosha mwalimu. Lakini kwaya ni miongoni mwa kazi chache za shule ambazo wingi wa watoto huziongezea faida. Watoto sabini hawawezi kugawana vitabu kumi kwa raha. Wanaweza kuimba wimbo mmoja bila kitabu hata kimoja. Ngoma inatengenezwa na fundi wa kijijini, na mara nyingi yuko babu au bibi jirani na shule anayezijua nyimbo za mavuno au za jando kuliko mwalimu yeyote, naye angefurahi kualikwa alasiri moja. Amealikwa na nani?

Wazazi wengine wana wasiwasi wa aina nyingine: kwamba binti anayeigiza atazoea uhuni, au kwamba nyimbo hizi zitamtoa mtoto katika dini yake. Wasiwasi huo usijibiwe kwa kejeli. Ujibiwe kwa kuwaalika waje kutazama mazoezi, kwa kuhakikisha kwamba mazoezi yanakwisha kabla ya magharibi, na kwamba kuna mwalimu wa kike wakati wote. Yako maovu yaliyofanywa kwa kisingizio cha mazoezi ya jioni, na mzazi anayeuliza ana haki ya kujibiwa.

Serikali kwa upande wake imeweka somo la Sanaa na Michezo katika mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika mwaka 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Hiyo ni hatua njema. Lakini sote tunajua jinsi kipindi kinavyoweza kuwepo katika ratiba ukutani na kukosekana darasani. Kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kuliwa na hesabu wakati mtihani wa mkoa unapokaribia. Ofisa elimu na mthibiti ubora wanapoitembelea shule, waombe kuona kipindi hicho kikifundishwa, kama wanavyoomba kuona maandalio ya masomo mengine. Na wasikubali kuonyeshwa ile kwaya ya watoto thelathini kuwa ndiyo jibu.

Na wewe mtumishi mwenzangu, ambaye mwezi ujao huenda ukaalikwa kuwa mgeni rasmi, unaweza kufanya jambo ambalo halihitaji waraka wala bajeti. Barua ya mwaliko ikifika, mjibu mkuu wa shule kwamba utafika saa iliyoandikwa, na ufike. Mwombe asitungiwe mtu wimbo wa sifa. Mwambie ungependa kuona mchezo ambao wanafunzi wameutunga wenyewe juu ya jambo linalowasumbua, na kwamba utaketi mpaka uishe, kisha utawauliza watunzi maswali mawili matatu kabla ya kusoma hotuba yako. Watoto wakae kivulini mpaka zamu yao ifike. Na kama katika mchezo huo atatokea ofisa mwenye kitambi anayefika amechelewa, cheka pamoja na wengine.